Kuchagua rivolva kubwa ya kuwindia na kujilinda porini, hatua kwa hatua

Kabla hujafungua katalogi hata moja kaa chini ujiulize swali moja tu: hii rivolva (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) unaitaka kwa ajili ya kumfuata mnyama, au kwa ajili ya mnyama atakayekufuata wewe? Watu wengi sana wanachanganya haya mawili, wanasikia jina la kaliba kubwa (yaani upana wa mtutu na risasi yake) wanachomoa hela wananunua, alafu miezi sita baadae ile bastola iko kabatini maana ni nzito kuibeba na inauma mkono kuipiga, na siku wakienda porini kweli wanaenda mikono mitupu. Mimi naamini kitu kimoja kwenye hili suala na nitakirudia mpaka uchoke: rivolva inayokufaa ni ile kubwa kuliko zote ambazo wewe mwenyewe unaweza kuzipiga vizuri, haraka, na ambayo kweli utakuwa nayo mwilini siku mnyama akitokea. Hivyo vitu vitatu vinaenda pamoja, kimoja kikikosekana vingine viwili havikusaidii.

Hatua ya 1: Tenganisha kuwinda na kujilinda

Kwenye kuwinda muda ni wako. Umekaa umeegemea mti au umeweka mikono juu ya magoti, kulungu au nguruwe pori hajui upo, unasubiri ageuke ubavu, unavuta nyundo (kile kipande cha nyuma ya bastola kinachogonga risasi) nyuma taratibu, unapiga sehemu ya moyo na mapafu. Ukiona umbali sio wako unaacha apite, hakuna anayekulazimisha.

Kujilinda ni kinyume kabisa cha hayo yote. Dubu wa kahawia akikimbia anapita kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo akitokea kichakani mita 25 mbele yako una kama sekunde mbili hivi, na ndani ya hizo mbili inabidi ushtuke, uelewe kinachotokea, uishike bastola, uitoe, uinyanyue na upige, na hapo mikono inatetemeka na begi liko mgongoni na pengine umeteleza kwenye matope. Darubini hapo haina kazi. Mtutu mrefu wa inchi 8 unakuchelewesha kutoa. Na hautapata muda wa kuvuta nyundo kwa dole gumba kila risasi.

Ndio maana bastola nzuri ya kuwindia inakuwa ndefu, nzito, na mara nyingi ina darubini au kilengeo cha kioo chenye kitone chekundu juu, na ya kujilinda inakuwa fupi, nyepesi kiasi, haina makorokoro ya kunasa kwenye nguo. Unaweza kuwa na moja ya kufanya yote mawili, wengi tuko hivyo, lakini ujue hapo kila upande umepunguza kidogo. Kwa moja ya kazi zote mimi ningeenda mtutu wa inchi 5 au 6, vilengeo vya kawaida vya chuma, hakuna darubini.

Na hapa niweke jambo ambalo wapenda bunduki wengine hawapendi kulisikia. Kama hofu yako ni dubu tu na hauwindi kabisa, anza na spreya ya pilipili ya dubu. Utafiti wa Alaska uliochapishwa 2008 ulikuta spreya ilizuia tabia mbaya ya dubu wa kahawia mara 92 kati ya 100, na kati ya watu waliokuwa nayo dubu akiwa karibu, asilimia 98 hawakuumia. Haihitaji shabaha kama risasi, unatandaza wingu kati yako na yeye. Upepo na mvua vinaipunguza nguvu ni kweli, na kwenye ndege za abiria hairuhusiwi, lakini ni nyepesi na mtu ambaye hajawahi kushika silaha anaweza kujifunza kuitumia kwa siku moja. Mi nabeba zote mbili, spreya inakaa mahali mkono unapofika kwanza.

Hatua ya 2: Sheria kabla ya duka

Hii tuipite haraka lakini usiiruke. Uliza mamlaka ya wanyamapori ya pale unapokwenda mambo matatu: je kuwinda kwa bastola kunaruhusiwa, kaliba ya chini ni ipi na mtutu wa chini ni inchi ngapi, na je kubeba tu bila kuwinda kunaruhusiwa? Marekani kila jimbo lina kanuni zake. Kwenye hifadhi za taifa za kule tangu Februari 2010 unaruhusiwa kuwa na silaha kwa kufuata sheria ya jimbo husika, ila kuifyatua ni suala lingine, kwa kawaida ni kosa. California tangu Julai 2019 huruhusiwi kuwinda na risasi za madini ya risasi, inabidi utumie za shaba. Kanada ni ngumu zaidi, bastola zinabanwa sana na tangu Oktoba 2022 mtu wa kawaida hawezi kununua mpya, kwa hiyo usije ukavuka mpaka na rivolva kiunoni ukidhani ni nchi moja. Alaska ukimuua dubu kwa kujitetea lazima uripoti, na ngozi pamoja na fuvu unakabidhi serikalini, sio vyako.

Hatua ya 3: Chagua kaliba

Haya sasa tufike kwenye penyewe. Nitaenda kutoka chini kwenda juu, na namba za nguvu nazotoa ni za kukadiria maana kila kiwanda cha risasi kina zake.

.357 Magnum ilitoka 1935. Risasi ya greni 158, yaani gramu kama 10, inatoa jouli kama 750 hivi. Kwa kulungu wa kawaida akiwa karibu inatosha kabisa kama umepiga panapotakiwa, kwa puma inatosha, kwa dubu mweusi inatosha ukitumia risasi nzito ngumu. Kwa dubu wa kahawia ni ndogo, sikufichi. Lakini kama wewe ni mtu ambaye kaliba kubwa zinakufanya ufumbe macho kabla ya kuvuta triga, basi .357 inayopiga inashinda .454 inayokosa, na hapo sina mjadala. Mwaka 2016 kuna muongoza wageni mmoja wa Alaska alitumia bastola ya milimita 9 tu, yenye risasi ngumu zinazopenya, kumuua dubu wa kahawia aliyewashambulia yeye na wageni wake. Sisemi ukanunue milimita 9 kwa ajili ya dubu, hapana, yule ni mtu aliyezoea dubu miaka mingi. Nasema angalia ni nini kilichofanya kazi pale: risasi iliyofika ndani na mkono ambao haukuchanganyikiwa.

.44 Magnum ndio katikati ya hii dunia yote. Ilizaliwa katikati ya miaka ya 1950, Elmer Keith, mwindaji na mwandishi wa mambo ya silaha wa Marekani, akiwa ndiye aliyeipigia kelele kwa miaka mingi kabla Smith & Wesson na Remington hawajakubali kuitengeneza. Risasi ya kawaida ya greni 240, yaani gramu 15 na nusu, inatoka na kama mita 400 na kitu kwa sekunde, jouli kama 1,300. Ukipanda kwenye risasi nzito za greni 300 na kidogo zilizomiminwa ngumu unapata upenyaji ambao unavuka bega la mnyama mkubwa. Uzuri wake mwingine ni kwamba bastola ya .44 Magnum inapiga pia .44 Special, ambayo ni ya tangu 1907 na ni laini mkononi, kwa hiyo unaanza mazoezi na laini unapanda taratibu. Ila kuna kitu wauzaji hawasemi: .44 Special ni fupi, ukiipiga nyingi inaacha pete ya masizi ndani ya chemba (yale matundu ya silinda yanayoshika risasi), na siku unataka kusukumiza Magnum ambayo ni ndefu inagoma kuingia vizuri. Safisha chemba kabla ya kurudi kwenye Magnum.

.45 Colt ni ya miaka ya 1870 na wengi wanaidharau kwa ajili ya uzee wake, kumbe kwenye bastola imara ya kisasa kama Ruger Blackhawk ukiiwekea risasi zilizotengenezwa kwa nguvu inakaa bega kwa bega na .44 Magnum. Hatari iko hapa na naomba uisome mara mbili: zile risasi za nguvu za .45 Colt zinaingia vizuri kabisa kwenye bastola za zamani za kaliba hiyo hiyo, na zikifyatuliwa humo zinaweza kuipasua silinda. Boksi lake huwa limeandikwa ni kwa bastola zipi. Soma boksi.

.454 Casull ni kazi ya Dick Casull na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1950, ikaja kupata bastola ya kiwandani kutoka Freedom Arms miaka ya 1980. Hii ni mnyama mwingine. Presha yake ya juu ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 65,000 wakati .44 Magnum ni 36,000, na nguvu inafika jouli 2,300 na kuendelea. Teke lake, yaani vile bastola inavyorudi nyuma mkononi, sio la kusukuma, ni la kuchapa, linakuja ghafla mpaka vidole vinakufa ganzi. Kinachonifanya niiheshimu ni kwamba inakubali .45 Colt ndani yake, kwa hiyo unaweza kuinunua leo, ukapiga .45 Colt mwaka mzima, ukapanda ukiwa tayari. Kinyume chake hakiwezekani, ganda la .454 lilifanywa refu makusudi lisiingie kwenye bastola ya .45 Colt.

.480 Ruger ndio kaliba ninayoona imeonewa sana. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ina kichwa kipana na kizito chenye mwendo wa wastani na presha ya chini kuliko .454, kwa hiyo teke lake ni zito lakini la taratibu, linakusukuma badala ya kukuchapa. Tatizo ni upatikanaji, kuna maduka hawajawahi kuiona.

Alafu ndio zinakuja zile ndugu mbili za Smith & Wesson, .500 Magnum ya 2003 na .460 Magnum ya 2005. Hiyo .500 inapita jouli 3,300, silinda inabeba risasi tano tu, na bastola yenyewe ikiwa na mtutu mrefu ina kilo 2. Kwa kuwinda wanyama wakubwa ukiwa umeegemea kitu ni chombo halali. Hiyo .460 inakwenda kasi sana, risasi yake nyepesi inazidi mita 650 kwa sekunde, kwa hiyo njia yake haishuki chini haraka na inakubali pia .454 na .45 Colt. Lakini kwa kujilinda mimi siziungi mkono, na nimeona watu wenye mikono mikubwa kuliko yangu wakipiga ya kwanza, alafu ya pili inachukua sekunde nzima kurudi kwenye shabaha. Sekunde hiyo moja dubu kashatembea mita 14.

Ukinilazimisha nichague kwa ajili yako bila kukuona: .44 Magnum. Ukiwa tayari na uzoefu wa miaka, na sehemu unayokwenda ina dubu wa kahawia wengi, fikiria .454 ya kubebea .45 Colt nzito.

Hatua ya 4: Uzito, mtutu na mpini

Teke linapunguzwa na vitu viwili ambavyo havina ujanja, uzito wa bastola na umbo la mpini. Kuna .44 Magnum zilizotengenezwa kwa aloi nyepesi za skandiamu na titani zenye gramu kama 700 tu. Ukiishika dukani unaipenda papo hapo, unasema hii sasa nitaibeba kutwa nzima. Ukaipige risasi sita nzito ndio utaelewa, wengi hawafiki ya sita. Kwa .44 nataka kilo 1.2 mpaka 1.5, kama vile Smith & Wesson 629 yenye mtutu wa inchi 6 ambayo ina kama kilo 1.3, au Ruger Super Redhawk ambayo ikiwa na mtutu wa inchi 7 na nusu ni kilo 1.5. Kwa .454 usishuke chini ya hapo.

Mtutu kila ukiongeza inchi unapata mwendo zaidi, mara nyingi mita 8 mpaka 15 kwa sekunde, sio nyingi hivyo. Faida kubwa ya mtutu mrefu ni umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele, kosa lako la mkono linaonekana mapema. Kuwinda tu: inchi 6 mpaka 8 na nusu. Kujilinda tu: 4. Zile fupi kabisa za inchi 2 na nusu zinabebeka vizuri lakini zina moto na kelele za ajabu, na unalipa teke lote la Magnum huku ukipoteza sehemu ya mwendo ulioununulia Magnum.

Mpini: shika bastola tupu, nyoosha mkono, angalia kama mtutu uko kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Alafu angalia kidole kinafika kwenye triga bila wewe kuzungusha bastola kiganjani. Ukiwa na mikono midogo fremu kubwa zitakusumbua hapo, na hakuna mazoezi yatakayorefusha kidole. Mipini ya mpira inameza teke. Ile ya mbao ya mtindo wa zamani kwenye singo aksheni (nitaieleza hatua ya 5) inaiacha bastola ijizungushe juu kiganjani, kuna wanaoipenda sana hiyo na kuna wanaochubuka.

Na matundu ya kutolea gesi juu ya mtutu: yanasaidia kweli bastola isiruke, ila kelele inaongezeka na gesi inapanda juu, kwa hiyo ukilazimika kupiga ukiwa umeikumbatia karibu na mwili, kwa mfano mnyama kakuangusha, ile gesi inakuja usoni. Kwa ya kujilinda mimi sitaki.

Hatua ya 5: Singo aksheni au dabo aksheni

Singo aksheni lazima uvute nyundo nyuma kwa dole gumba kila risasi. Ni imara, haina vitu vingi vya kuharibika, triga yake ni nyepesi na safi, na bei yake kwa kawaida iko chini. Kwa kuwinda ni tamu. Kujaza na kutoa maganda ni moja moja kupitia kidirisha cha pembeni, kwa hiyo zikiisha zimeisha.

Dabo aksheni unavuta triga tu inafanya yote, kwa uzito wa kilo 4 na nusu mpaka 5 na kitu, na ukipenda unaweza kuvuta nyundo kwanza ukapata triga nyepesi. Kwa kujilinda chukua hii, na ujifunze kuipiga kwa kuvuta triga yote, sio kutegemea nyundo. Mkono mmoja ukishikwa na mnyama bado unapiga.

Onyo kwa wanaonunua singo aksheni ya zamani: nyingi ambazo hazina kile kipande cha usalama kinachotenganisha nyundo na fataki (kile cha kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti), nyundo inalalia juu ya risasi, bastola ikianguka kwenye jiwe inalipuka. Ruger waliweka hicho kipande mwaka 1973. Kama yako haina, beba tano, chemba iliyo chini ya nyundo iache tupu.

Hatua ya 6: Kagua dukani, hasa ya mkononi

Kwanza fungua silinda uhakikishe ni tupu, wewe mwenyewe kwa macho na kwa kidole, hata kama muuzaji kakuonyesha sasa hivi. Alafu omba ruhusa uvute nyundo taratibu sana huku kidole cha mkono mwingine kikiizuia silinda kidogo, kama breki. Silinda inatakiwa ijifunge kabla au pale pale nyundo inapofika mwisho. Nyundo ikifika mwisho na silinda bado haijafunga, hiyo bastola saa yake imepotea, chemba haitakaa sawasawa na mtutu. Rudia kwa chemba zote, mara nyingi moja tu ndio mbovu.

Tikisa silinda mbele na nyuma, ikicheza kwa kuonekana kwa macho achana nayo. Kati ya silinda na mtutu pana mwanya, mzuri ni kama milimita 0.10 mpaka 0.15, ukipita 0.20 uliza maswali. Angalia mlango wa mtutu pale risasi inapoingilia kama umeliwa au una ufa, na angalia juu yake kwenye fremu kama moto umechora mfereji mkubwa, hiyo ni alama ya bastola iliyopigwa risasi kali nyingi.

Nikiwa hapo kwenye mwanya: usiweke kidole wala dole gumba pembeni yake wakati wa kupiga. Gesi inayotoka pale kwenye hizi Magnum kubwa inakata nyama. Waliozoea bunduki ndefu ndio wanaoumia zaidi maana mkono wa kushoto unataka kwenda mbele wenyewe.

Hatua ya 7: Risasi zenyewe

Kwa kulungu na wanyama wenye ngozi nyembamba tumia risasi zinazofunguka, za kichwa chenye tundu au ncha laini, zinapanua kidonda na mnyama haendi mbali. Kwa dubu, au nguruwe pori dume mwenye mabega mazito, ile risasi ya kufunguka inaweza kufungukia kwenye mafuta na misuli ikasimama kabla haijafika panapoua. Hapo unataka ngumu, iliyomiminwa au ya shaba mtupu, yenye pua bapa na pana, sio ya duara. Pua bapa inakwenda moja kwa moja na kuacha njia pana, ya duara inateleza pembeni ikigonga mfupa.

Sasa kitu ambacho kimeshawaaibisha wengi. Teke kubwa linafanya kazi kwa risasi zilizobaki kwenye silinda pia: ganda linarudi nyuma na bastola, kichwa cha risasi kinabaki pale pale kilipokuwa, kwa hiyo kinachomoka kwenye ganda kidogo kidogo. Kikitokeza mbele ya silinda, silinda inagoma kuzunguka na bastola imekufa mkononi, na hilo halitengenezeki ndani ya sekunde mbili. Bastola nyepesi na risasi nzito ndio mchanganyiko mbaya zaidi. Pima hivi: jaza silinda, weka alama kwenye moja, ipime urefu kwa kaliper, piga zote isipokuwa hiyo, ipime tena. Ikiwa imerefuka kwa kuonekana, badilisha aina ya risasi, usijiambie itakuwa sawa. Mimi iliwahi kunitokea kwenye uwanja wa shabaha na risasi za boksi jipya kabisa, ya nne ilifunga silinda, nikakaa pale naitazama nikiwaza ingekuwa porini.

Nunua risasi utakazobeba, piga angalau hamsini za hizo hizo. Kilengeo kilichowekwa sawa kwa greni 240 kinaweza kupiga mahali pengine kabisa kwa greni 300.

Hatua ya 8: Vilengeo na holsta

Kujilinda: kilengeo cha mbele chenye rangi kali au nyuzi inayong'aa, cha nyuma chenye nafasi pana. Kuwinda: kitone chekundu kinasaidia sana macho ya watu wazima, darubini ya bastola pia, ila iwe ile ya kutazamwa kwa mkono ulionyooka. Hakikisha imefungwa vizuri, teke linalegeza skrubu.

Holsta, yaani mfuko wa kubebea bastola mwilini, watu wanaiacha mwisho kumbe ndio inaamua kama bastola utakuwa nayo. Ya kiunoni inagombana na mkanda wa begi, kwa hiyo unaivua, unaiweka ndani ya begi, na bastola ndani ya begi sio bastola. Ya kifuani inakaa juu ya nguo, chini ya mikanda ya begi, mkono wowote unaifikia hata umekaa au unavuka mto. Iwe inafunika triga yote na ina kitu cha kuishikilia ukianguka. Na unapoitoa angalia mkono wako wa kushoto uko wapi, mtutu usiupitie.

Hatua ya 9: Mazoezi, na kujua mwisho wako

Masikio kwanza. Hizi Magnum zinapita desibeli 160 na madhara ya kudumu yanaanza kama 140, vaa plagi ndani na vifuniko juu yake, vyote viwili. Miwani pia.

Nyumbani fanya kufyatua kavu, bastola tupu, risasi ziko chumba kingine, ukuta wa mbele ni wa kuzuia risasi kweli. Vuta triga ya dabo aksheni taratibu mara ishirini kwa siku huku kilengeo cha mbele hakitikisiki. Uwanjani changanya kwenye silinda risasi halisi na za mazoezi zisizo na baruti bila kujua ipi iko wapi. Ukifika kwenye isiyo na baruti na mtutu ukazama chini, umejiona mwenyewe: unaliogopa teke. Rudi kwenye risasi laini mpaka iishe hiyo, hakuna aibu ndani yake, karibu kila mtu anapitia.

Kwa kujilinda anza mita 7, toa kwenye holsta na begi likiwa mgongoni, piga mbili tatu kwenye duara la ukubwa wa sahani. Isogeze shabaha mpaka mita 15. Kama unaweza, iweke kwenye kitu kinachovutwa kuja kwako.

Kwa kuwinda weka sahani ya sentimita 20 na upige kama utakavyopiga porini, umekaa, umepiga goti, umeegemea mti, sio kwenye meza. Anza mita 25. Zote sita zikiingia rudi nyuma mita 10, tena sita, tena rudi. Pale ya kwanza inapotoka nje ya sahani, rudi mbele mita 10, na huo ndio umbali wako wa kupiga mnyama mwaka huu. Wengi huwa ni kati ya mita 40 na 60, wachache wanafika 100. Uandike kwa kalamu ndani ya kifuniko cha boksi la risasi, alafu mwakani pima tena.